Mnunuzi wa Mizimu

Mliponiacha, nilikuwa nimesimama mlangoni kwa Mtaalamu, jogoo kwapani, mvua inaninyeshea kama ina kisasi na mimi.

Kwa msomaji aliyedandia njiani: mimi ndiye yule mnunuzi wa hoteli aliyefukuzwa kazi kwa ajili ya samaki waliooza, samaki ambao sikuwanunua mimi. Mimi na mke wangu tukahamia kwa mama mkwe, kwa muda tu, na ule muda ukaota mizizi. Mwisho nikapata kazi ambayo sikuthubutu kumtajia mtu: kumtafutia huyu Mtaalamu, ambaye ni mganga, vifaa vya madhabahu. Ubani, asali, mishumaa, vitambaa, kuku wa rangi maalumu.

Nyumbani nilisema nimeajiriwa upande wa ugavi kwa daktari wa kujitegemea. Haukuwa uongo mtupu. Ana wagonjwa, ana mabenchi ya kusubiria, na hapendi kuulizwa maswali.

Sasa tuendelee, maana jogoo alikuwa anabadilika rangi.

Nilimnunua mweupe pee. Lakini kila tone lilipomgonga, weupe ulichuruzika ukaniingia kwenye suruali. Mtaalamu alipofungua mlango, bawa moja lilikuwa limeshakuwa la kahawia.

"Nini hiki?"

"Jogoo mweupe, Mtaalamu."

"Mweupe?"

Nikamtazama jogoo. Jogoo naye akanitazama, kama anayeomba radhi.

"Kapakwa chokaa," Mtaalamu alisema. "Kama ukuta wa ofisi siku mkubwa anapokuja kutembelea."

Aliniacha palepale, akarudi ndani kwa mteja wake, mfanyabiashara wa mabati ambaye duka lake lilikuwa halipati mteja hata wa kuuliza bei. Nikamsikia akimwambia kwa sauti ya huzuni: "Mizimu imekataa. Vifaa si halisi. Mnunuzi wangu ametapeliwa tena."

Yule mfanyabiashara alipotoka alinitazama kama nzi aliyezama kwenye chai yake.

Ndivyo ilivyokuwa siku zote kwa Mtaalamu. Mgonjwa akipona, ni mkono wake. Asipopona, ni ubani wangu. Mume akirudi nyumbani, ni dua ya Mtaalamu. Asiporudi, asali ilikuwa na sukari.

"Keti," aliniambia.

Kilinge chake kilikuwa chumba cha nyuma ya karakana ya mafundi friji. Madhabahu ilikuwa kabati la vyombo lililofunikwa kitambaa chekundu, na nyuma yake pazia zito lililogawa chumba. Huko nyuma ya pazia ndiko nilikokuwa nakaa mimi na vifaa vyangu, juu ya kreti la soda. Nyundo za mafundi zikilia karakanani, Mtaalamu huwaambia wateja ni mizimu inabisha hodi.

"Kesho kutwa mchana anakuja mama mmoja mzito," alisema. "Mtu mwenye heshima zake. Nataka vifaa visivyo na dosari hata ya kusingiziwa. Nikipata doa moja tu, wewe na mimi basi. Utafute pengine pa kula."

"Ana shida gani huyo mama?"

"Siri ya mgonjwa." Alilisema hilo kama amelisomea. Kisha akashindwa kujizuia. "Kuna mtu kaganda nyumbani kwake. Anataka aondoke. Kwa heri, bila ugomvi, na asirudi."

Nikatikisa kichwa.

"Kuna watu hawana haya, Mtaalamu. Mtu unakaa kwa watu mpaka unatafutiwa dawa?"

"Ndiyo dunia."

"Mimi huyo ningemtoa kwa vifaa vyangu mwenyewe, bila hata kukusumbua wewe."

"Basi mtoe," Mtaalamu alisema.

Nikaingia sokoni kama mwanajeshi.

Hotelini nilifundishwa mambo manne: kagua, nusa, onja, rudisha. Nikaanza na muuza ubani, mzee mwenye duka jembamba kama kabati, anayevaa miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kwenye paji la uso.

"Ubani," nilisema.

"Wa daraja gani?"

"Kuna madaraja?"

"La kwanza tunawauzia wanaonusa. La pili tunawauzia wanaoamini."

"Mtaalamu wangu mmekuwa mkimuuzia lipi?"

Mzee akashusha ile miwani ya pajini, sasa akawa amevaa yote miwili. "Yule huwa anataka lenye moshi mwingi."

Nikachukua la kwanza. Nikachoma kipande palepale juu ya mkaa wake, nikafumba macho. Harufu ilipanda taratibu, safi, tamu, haikunikwaruza kooni. Jirani yake muuza ndala akauliza nani kafariki.

Marashi nikayakuta yana tarehe ya mwisho wa matumizi, nayo ilikuwa imepita zamani.

"Mizimu haisomi," muuzaji alinitetea.

"Mimi nasoma."

Akaingia ndani akaniletea chupa nyingine, huku akiniambia kwamba watu kama mimi ndio wanaoua biashara.

Asali nikaidondosha kwenye glasi ya maji, ikazama hadi chini bila kuyeyuka, nikaridhika. Mishumaa nikaikwaruza kwa ukucha mpaka nikapata ya nta ya nyuki. Kitambaa cheupe nikakitoa mwenyewe kwenye jora, nikamsimamia muuzaji akikichana kwa mkono, kwa sababu Mtaalamu alisema mkasi ukikigusa basi.

Jogoo ndiye aliyenitoa jasho. Nilitembea na ndoo ya maji. Kila jogoo mweupe niliyeonyeshwa, nilimwogesha kwanza. Wauza kuku walinicheka, kisha wakanitukana, kisha mmoja wao, mama mnene mwenye sauti nyembamba, akaona hataniondoa mpaka nipate ninachotaka.

"Njoo, baba. Huyu mwogeshe mpaka uchoke."

Nikamwosha kwa sabuni. Nikamsuuza. Nikapekua unyoya kwa unyoya, mpaka chini ya mabawa. Mweupe. Mweupe kama karatasi ambayo bosi hajaiandikia onyo.

"Harusi?" yule mama akauliza.

"Kazi."

"Kazi gani inataka kuku aoge kuliko maharusi?"

Siku ya siku ilipofika, nilipanga vyote juu ya sinia nyuma ya pazia. Mtaalamu akaja akanusa ubani, akaonja asali, akamgeuza jogoo chali. Akakosa pa kulalamikia. Kwa mara ya kwanza nikaona mtu anaogopa vifaa vizuri.

"Safari hii hakuna kisingizio," nilimwambia.

"Kisingizio cha nani?" aliniuliza kwa ukali, lakini alijipangusa jasho.

Adhuhuri mlango ukagongwa. Nikachungulia kwenye tundu la pazia. Akaingia mwanamke wa makamo, miwani myeusi, mtandio umefunika hadi mdomo. Akapangusa kiti kwa kitambaa kabla ya kukalia.

Ule upangusaji nikaufahamu.

Akavua miwani.

Mama mkwe!

Wasomaji, mnamkumbuka huyu mama. Muuguzi mkuu mstaafu, mtu aliyeendesha wodi maisha yake yote, ambaye kila siku mezani husema waganga wote wapelekwe jela na wateja wao wapelekwe shule.

"Nimekuja kwa sababu nimechoka," alisema. "Ni mkwe wangu."

"Jina lake?"

"Silitaji. Likitajwa linakaa."

Mtaalamu akaitikia kwa kichwa, kama hilo nalo lipo kwenye mafunzo yake. "Anakutukana? Analewa?"

"Angekuwa hivyo ningemtoa mwenyewe kwa ufagio. Si mtu mbaya. Mpole. Vyombo anaosha." Akavuta pumzi. "Anakagua."

"Anakagua nini?"

"Kila kitu! Nikileta nyanya, anazigeuzageuza. Nikinunua mchele, anaingiza mkono ndani ya gunia, anaunusa. Juzi kanitolea kitunguu kwenye sufuria, eti kimelala. Mimi, niliyekuwa nikipita wodini madaktari wanaficha sigara, leo nakaguliwa kitunguu jikoni kwangu!"

Nilijibana mdomo kwa viganja viwili.

"Na jioni wakishaingia chumbani kwao," sauti yake ikashuka, "mlango unafungwa. Nawasikia wanacheka. Mimi nabaki na redio."

Hapo nilikaribia kumhurumia. Lakini akafungua mkoba, akatoa kitu, akakiweka juu ya madhabahu.

Shati langu. La buluu, la mistari. Lile nililolitafuta asubuhi nzima mpaka nikaenda kazini na fulana.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba nguo yenyewe inaweza kubebwa ikapelekwa kwa mganga.

"Ni lake kweli?" Mtaalamu akauliza. "Nisije nikamhamisha mtu mwingine."

"Ni lake. Mwanangu mwenyewe kanipa, kwa mkono wake."

Mkono wake! Mke wangu! Mtu ninayelala naye mto mmoja! Nikakaa juu ya kreti bila kujua nimekaa.

"Vifaa," Mtaalamu akaagiza.

Nikapitisha sinia chini ya pazia. Nifanye nini, jamani? Nilimpitishia ubani wangu wa daraja la kwanza. Nilimpitishia asali isiyo na sukari. Nikampitishia na jogoo niliyemwogesha kwa mikono yangu. Akamzungusha juu ya shati langu huku akinuia, na ule moshi mzuri ukapanda taratibu, bila kumkwaruza mtu koo.

"Harufu nzuri," mama mkwe alisema. "Huyo anayekununulia anajua kazi."

Alipoondoka, nilitoka nyuma ya pazia.

"Mtaalamu, yule ni mama mkwe wangu."

Alinitazama. Akatazama shati. Akaitazama fulana yangu.

"Kwa hiyo mlengwa ni wewe."

"Ni mimi."

Akanisogelea, akanichungulia machoni kama anayetafuta homa. "Unajisikiaje? Unasikia hamu ya kuondoka?"

"Hata kidogo!"

"Subiri. Ubani mzuri huchelewa."

"Mtaalamu!"

"Sikiliza, ndugu yangu." Akaniwekea mkono begani. "Wewe ndiye uliyesema safari hii hakuna kisingizio. Vifaa ni halisi, mimi ni halisi. Sasa usipoondoka, watu watasema nini? Watasema mlengwa ndiye feki. Jisogeze kidogo. Uniokoe, nami nitakuokoa."

"Yaani nihame kwangu ili dawa yako ifanye kazi?"

"Kwako?" alisema taratibu. "Si kwa mama mkwe?"

Nilirudi nyumbani nikiwa nimejaa hadi kooni. Mke wangu alikuwa ameshatoka kazini kwake, kliniki ya meno anakokaa mapokezi, na alikuwa anakunja nguo kitandani. Nikafunga mlango.

"Shati langu la buluu liko wapi?"

"Nimempa mama."

Hakupepesa hata jicho. Nikaona kumbe nimeoa jiwe.

"Umempa la nini?"

"Alisema atampelekea fundi apime, akushonee jingine kama lile. Nilifurahi, mume wangu. Nikasema leo mmepatana." Akaniona uso. "Kwani vipi? Halikutosha?"

Nikakaa kitandani. Ile hasira yote niliyoibeba toka kilingeni nikakosa pa kuitua.

"Shati lipo kwa mganga," nilimwambia. "Linafukizwa ubani ili mimi niondoke hapa nisirudi."

Akacheka. Akaniangalia. Akaacha kucheka.

"Mama yangu mimi? Anayewatukana waganga hata kwenye misiba?"

"Huyohuyo."

"Nani kakwambia?"

"Mtu mmoja anayefanya kazi pale."

Hilo nalo halikuwa uongo mtupu.

Alikunja nguo moja zaidi, vizuri sana, pindo kwa pindo. Kisha akavuta begi juu ya kabati, akalitupa kitandani.

"Panga."

"Nipange nguo za nani?"

"Zetu. Mimi nimeolewa na wewe, sikuolewa na chumba hiki. Mwenzangu wa kazini ana chumba kinapangishwa juu ya duka la vioo. Kesho tunahama."

Ningeweza kumbusu. Badala yake nikabaki nimeshika soksi.

"Mama sitamwambia kitu," alisema. "Nitalia mbele yake, na sitaki. Lakini huyo anayemtafutia mganga vitu vya kuvunjia ndoa za watu, Mungu anikutanishe naye."

"Utamfanya nini?"

"Kwanza nitamuuliza kama ana mke."

Soksi ikaniponyoka.

Mngemwona mama mkwe asubuhi ile! Alikuwa barazani na kikombe chake, akaniona natoka na begi. Uso ulimchanua, akaukunja haraka haraka kama mtu anayeficha pipi shavuni.

"Heh, mkwe! Safari?"

"Ndiyo, Mama. Naondoka."

"Jamani! Hata hujatuaga vizuri." Alikuwa ameshasimama, ameshanishika mkono, ameshaanza kunisindikiza. "Nenda salama, baba. Riziki ni popote. Usijali kabisa ya huku."

"Asante, Mama."

"Na baridi ujifunike."

Ndipo mlango ulipofunguka, mke wangu akatoka na begi lake na mto wake kwapani.

Mama mkwe akamtazama. "Unamsindikiza mwenzio mpaka wapi na mto?"

"Tunahama, Mama."

"Nani anahama?"

"Sisi."

"Sisi nani?"

Mke wangu alimbusu mama yake shavuni, akashuka ngazi, nami nikamfuata. Tulipofika njiani niligeuka. Bado alikuwa amesimama barazani, kikombe kimeinama, chai inamwagikia viatu, na yeye hana habari.

Sijui niwaambie vipi, wasomaji. Mimi wa mikosi kila wiki, kile chumba cha juu ya duka la vioo kilikuwa kitamu. Kilikuwa kidogo hata mlango ulikuwa hauwezi kufunguka wote. Tulicheka tulivyotaka. Nyanya nilizigeuza nilivyotaka. Mke wangu aliimba akifagia, na kila alipoimba, mimi niliogopa, maana sijawahi kuona furaha yangu ikamaliza wiki.

Mtaalamu, kwa upande wake, alivimba kichwa. Alisimulia mji mzima jinsi alivyomng'oa mtu aliyeota mizizi. Akaanza kutembea polepole. Akaanza kujiita "sisi."

Mpaka mchana mmoja mlango ukagongwa, akaingia mama mkwe. Hana miwani, hana mtandio, kiti hakukipangusa.

"Mwanangu yuko wapi?"

Nilikuwa nyuma ya pazia, napanga mishumaa. Nikaganda.

"Mama, dawa imefanya kazi," Mtaalamu alianza.

"Nilisema mkwe! Sikusema mwanangu!"

"Dawa imefanya kazi kupita kiasi." Akakohoa kidogo, kikohozi cha kitaalamu. "Tatizo ni lile shati. Lilifuliwa beseni moja na nguo za mwanao. Nguvu ikavuka."

"Kuna nyumba gani wanafua nguo za mume na mke mabeseni mawili?"

"Ndiyo maana sisi hupenda shati lisilofuliwa."

Niliona mabega ya yule mama yakianza kutikisika. Mtu ambaye madaktari walimfichia sigara alikuwa analia, tena bila kitambaa, kwa kiganja.

"Nyumba imekuwa kubwa," alisema. "Nanunua nyanya, nazigeuza mwenyewe. Nimrudishie, Mtaalamu. Kama haiwezekani mmoja, warudishe wote wawili. Hata huyo mkaguzi aje."

Kitu kilinikaba koo. Nilitaka kutoka nimwambie, Mama, panda ngazi juu ya duka la vioo, chai ipo. Lakini ningemwambia nimetokea wapi?

Mtaalamu hakuwa na koo la kukabwa.

"Kumrudisha mtu ni kazi kuliko kumwondoa," alisema. "Hapo tutahitaji majogoo wawili. Ubani mara mbili."

"Vitoke wapi?"

"Nina mnunuzi. Hana mfano mji huu."

Mama mkwe akafuta macho. Ile sauti ya wodini ikarudi. "Namtaka. Mara ya kwanza nimekosea kwa shati, ya pili sikosei. Nitakwenda naye sokoni mimi mwenyewe. Mwite."

"Mnunuzi haonekani na wateja, Mama. Ni mwiko."

"Mwite!"

"Mwite nani?"

Sauti hiyo ya tatu ilitokea mlangoni. Sikuhitaji kuchungulia. Nalala nayo mto mmoja.

Mke wangu aliingia akihema. Kumbe alitumia saa yake ya chakula kwenda kwa mama yake kupatana, akamwona anatoka nyumbani mbio bila hata kufunga geti, akamfuata.

"Kwa hiyo ni kweli," alisema. "Mama, ni kweli."

"Mwanangu..."

"Nilijiambia pengine mume wangu kadanganywa. Na wewe," akamgeukia Mtaalamu, "huyo mnunuzi wako asiye na mfano yuko wapi? Mimi nilikuwa na swali lake moja."

Mtaalamu akatazama pazia. Mshenzi yule! Akalitazama waziwazi kabisa.

"Ametoka," alisema.

"Vizuri. Basi nampigia mume wangu aje aone kwa macho yake, halafu tutamngoja wote."

Akatoa simu kwenye mkoba.

Yangu nilikuwa nimeiweka juu ya sinia, katikati ya mishumaa. Sauti nilishaizima, kama ilivyo kanuni ya kilinge. Mtetemo sikuuzima.

Sinia lilikuwa la bati.

Drrrrrrrr.

"Nini hicho?" mke wangu akauliza.

"Mizimu," Mtaalamu alisema.

"Mizimu ina simu?"

Nikaidaka simu, ikaniteleza kwa asali, ikaangukia ndani ya kreti, ikazidi kunguruma. Mke wangu akapiga hatua. Nikasikia kiatu chake. Lakini kiatu kingine kilimtangulia, kizito zaidi. Mtu aliyeendesha wodi maisha yake yote hawezi kuogopa pazia.

Mama mkwe akalifungua kiasi cha kuingiza kichwa.

Nilikuwa nimepiga magoti, mkono mmoja ndani ya kreti, mwingine umeshika mfuko wa ubani. Akanitazama. Akatazama asali, mishumaa, jora la kitambaa cheupe, na simu inayowaka picha ya mwanawe. Alinikagua kuanzia utosi hadi nyayo, polepole, upande huu na upande ule, kama nyanya.

Nikafumba macho. Nikasema, wasomaji wangu, leo ndiyo mwisho wa hadithi.

Pazia likafungwa.

"Panya," nikamsikia akisema. "Tena mkubwa."

Kisha sauti ya mke wangu, imeshuka: "Hapokei."

"Atakuwa kazini, mwanangu. Mwache mwenzio afanye kazi. Twende nyumbani ukanitukane vizuri, hapa pananuka."

Nilisikia viatu vyao vikitoka, kimoja kinalia, kingine kinanyamazisha. Mlango ukafungwa. Nilikaa chini sakafuni. Sikuelewa. Mtu kanikamata mkono ndani ya mtego, kisha kaniachia. Kwa nini?

Simu ikatetemeka tena mkononi mwangu. Safari hii ulikuwa ujumbe. Wa mama mkwe.

*Kesho asubuhi, kwa muuza ubani. Uje peke yako, na mke wako asijue. Kuna mtu nataka aondoke mji huu asirudi, na safari hii si wewe. Unajua vifaa. Wewe ndiye utakayenisaidia kumtoa.*

Pazia likavutwa. Mtaalamu alisimama mbele yangu, anajipepea kwa kofia, anacheka kwa ahueni.

"Tumepona, ndugu yangu! Nani huyo anakuandikia?"

Nikamtazama yeye. Nikautazama ujumbe. Nikaigeuza simu uso chini.

"Mteja," nilisema.